Mbu asiye na faida: jinsi ya kuyafungua maneno ya Kiingereza yenye asili ya Kigiriki

Mwaka 1818 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Johann Wilhelm Meigen, alipokuwa akiwapanga na kuwapa majina wadudu wa Ulaya wenye mabawa mawili, kundi moja la mbu aliliita “Anopheles” na jingine “Aedes”. Jina la kwanza kila aliyesoma baiolojia Afrika Mashariki amelikariri, maana ndiye mbu wa malaria. La pili husikika zaidi dengi inapoibuka mjini. Ni nadra mwalimu kusema majina hayo yana maana gani. Kwa Kigiriki “ophelos” ni faida, na “an-” ni kiambishi cha kukanusha. Anopheles ni asiye na faida. Aedes naye ni asiyependeza, mwenye kuudhi. Ajabu ni kwamba wakati huo hakuna aliyejua kuwa mbu ndiye mwenye malaria yake. Daktari Mwingereza Ronald Ross alikuja kuwaona vijidudu vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, karibu miaka 80 baadaye. Meigen alimtukana mdudu tu, na tusi likampata mhusika.

Nimeanza na mbu kwa sababu anaonyesha kosa tunalolifanya mashuleni: tunayabeba maneno ya aina hii mazimamazima. Mwanafunzi anakariri “anaemia” peke yake, “anaesthesia” peke yake, “anarchy” peke yake, “anonymous” peke yake, kana kwamba ni watu wanne wasiojuana. Yote yana kiambishi kilekile cha mbu wetu. “Haima” ni damu, kwa hiyo anaemia ni upungufu wa damu. “Aisthesis” ni hisi, kwa hiyo anaesthesia ni ganzi. “Arkhos” ni mtawala, na “onyma” ni jina. Kiambishi hicho kikikutana na konsonanti hupoteza “n” yake na kubaki “a-”: “amnesia”, bila kumbukumbu, “apathy”, bila hisia, “atom”, kisichokatika. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na hilo. Sisi wenyewe tunasema mtu lakini mwalimu, kitu lakini chakula, na wala hatujiulizi.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Maneno haya yanayotisha kwa urefu yamejengwa kwa vipande, na mtu aliyelelewa na Kiswahili amezoea vipande tangu utotoni. Anayeweza kulielewa neno “hawakutusomeshea” bila kusita ana maandalizi mazuri ya kulivunja neno la Kigiriki, pengine kuliko Mwingereza, ambaye maneno yake ya kila siku ni mafupi na hayavunjiki.

Kwa nini Kigiriki, na si lugha nyingine? Waroma walipoitawala Ugiriki walichukua elimu yake, na utabibu ukabaki wa Kigiriki. Galen, tabibu mashuhuri wa Roma katika karne ya 2, aliandika kwa Kigiriki. Kiingereza kilipata maneno ya kwanza kupitia kanisa, hata kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, na mengine yakaja kwa njia ya Kilatini na Kifaransa. Lakini sehemu kubwa ya maneno magumu ambayo leo yanakusumbua haikuwahi kutamkwa na Mgiriki yeyote wa kale. Yaliundwa kuanzia karne ya 17 na kuendelea, na wanasayansi waliokuwa na vitu vipya na hawana majina ya kuviita. Kigiriki cha kale kiliwafaa kwa sababu mbili. Kinaunganisha mizizi kwa urahisi ambao Kilatini hakina, na hakikuwa mali ya taifa lililokuwa likishindana nao: Mfaransa na Mjerumani wasingekubali kirahisi istilahi za Kiingereza, lakini neno lililokatwa kutoka kwa Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, halikumwonea mtu.

Utalitambuaje neno la Kigiriki kwa macho tu? Tahajia ndiyo inayolisaliti. Kigiriki kilikuwa na herufi za sauti ambazo Kilatini hakikuwa nazo, na waandishi wa Roma wakaziandika kwa herufi mbilimbili: “ph”, “ch”, “th”, na “rh” mwanzoni mwa neno. Irabu moja ya Kigiriki wakaiazima jinsi ilivyo, ikawa “y”. Kwa hiyo ukiona “y” katikati ya neno refu la kisomi, kama “system”, “hypnosis”, “cryptic”, au “ch” inayosomwa “k” kama “chaos” na “chronic”, kisia Kigiriki na mara nyingi utakuwa sahihi. Waitaliano na Wahispania waliitupa “ph” wakaandika “f”, nasi tukafanya hivyohivyo katika fizikia na falsafa. Waingereza waliing'ang'ania. Watoto wao huumia kwa hilo kama wetu.

Kuna lile tatizo la herufi bubu. “Psychology”, “pneumonia”, “pterodactyl”, “mnemonic”: herufi ya kwanza haisomwi, kwa kuwa Mwingereza hawezi, au hataki, kuanza neno kwa “ps”, “pn”, “pt” au “mn”. Mgiriki aliziweza zote. Jambo la kuvutia ni kwamba herufi hizo hufufuka zikiwa katikati ya neno. Mzizi uliomo ndani ya “mnemonic” ni ndugu wa ule uliomo ndani ya “amnesia”, na humo “m” inasikika vizuri. “Pneu-” ya “pneumonia” inahusiana na pumzi, na ukienda kwenye “apnoea”, yaani kukatika kwa pumzi, “p” inatamkwa.

Mkazo nao huwatesa wengi wetu, kwa sababu Kiswahili huuweka karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno ya Kiingereza yanayoishia kwa “-logy”, “-graphy”, “-nomy”, “-cracy” huuweka kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho: bi-O-lo-gy, de-MO-cra-cy. Neno hilohilo likiongezwa “-ic”, mkazo huhamia silabi iliyo kabla ya “-ic”: de-mo-CRA-tic, e-co-NO-mic. Hapo ulimi wetu uko nyumbani kabisa. Vighairi vipo, “Catholic” na “rhetoric” vikiwemo, lakini kanuni hii moja imewaokoa watu wengi kwenye usaili kuliko orodha ya maneno 500.

Sasa tuingie kwenye mizizi yenyewe, na darasa zuri kuliko yote ni zahanati. Chukua magonjwa ya kwetu. Kichocho kwa Kiingereza cha kitabibu ni “schistosomiasis”, neno ambalo hata manesi hulifupisha. “Skhistos” ni kilichopasuliwa, “soma” ni mwili. Mnyoo dume wa kichocho ana mfereji unaokwenda kwa urefu wa mwili, na humo ndimo jike hukaa; aliyemtazama kwa hadubini aliona kiumbe kilichopasuliwa. “-iasis” mwishoni ni hali ya ugonjwa. Malale ni “trypanosomiasis”: “trypanon” ni kekee, chombo cha fundi cha kutobolea mbao, na kijidudu chenyewe kina mwili uliojipinda kama ncha ya kekee. Jina hilo lilitolewa mwaka 1843 na David Gruby, aliyemwona kiumbe huyo kwenye damu ya chura. Mbung'o anayeeneza malale anaitwa “Glossina”, kutoka “glossa”, ulimi, kwa sababu ya ule mdomo mrefu uliochomoza mbele. Kutoka ulimi huohuo tunapata “glossary”, faharasa ya maneno, na “polyglot”, mtu wa lugha nyingi.

Angalia kilichotokea. Tulianza na magonjwa mawili na mdudu mmoja, tumetoka na “soma” ambayo sasa itakufungulia “chromosome” na “psychosomatic”. Chromosome ni mwili wenye rangi, kwa kuwa vijiti hivyo hunywa sana rangi ya maabara. Na kama unahitaji ndoano ya kukumbukia, “soma” ya Kigiriki haina uhusiano wowote na “soma” yetu, lakini ukisoma, mwili unakaa kitini, hiyo inatosha.

Mzizi mwingine wenye ukoo mkubwa ni ule wa kukata, “tom”. Umo ndani ya “atom” tuliyoiona. Umo ndani ya “anatomy”, ambayo asili yake ni kupasua mwili vipandevipande ili kuujua. Umo katika “tome”, kitabu kinene, ambacho zamani kilikuwa juzuu moja iliyokatwa kutoka kazi kubwa. Umo katika “dichotomy”, kukata pande mbili. Kwenye chumba cha upasuaji umegawanyika kwa namna inayofaa kujulikana na kila anayetia saini fomu ya hospitali: “-tomy” ni kukata, “-ectomy” ni kukata na kuondoa, “-stomy” ni kufungua tundu, na hii ya mwisho inatoka neno jingine kabisa, “stoma”, yaani mdomo. “Nephrotomy” ni kuchana figo. “Nephrectomy” ni kuitoa. Herufi mbili zinatofautisha mtu anayerudi nyumbani na figo mbili na anayerudi na moja.

Umo pia katika “entomology”, elimu ya wadudu, ambayo watu huichanganya na “etymology”, elimu ya asili ya maneno. Mdudu kwa Kigiriki aliitwa “entomon”, aliyekatwakatwa, kwa vile mwili wake una viuno na vifundo. Waroma wakalitafsiri neno hilo kwa Kilatini, wakapata “insectum”, na Mwingereza akayachukua yote mawili, moja la shamba na moja la chuo.

Kuna mzizi mmoja ambao unapaswa kufundishwa pwani yetu kabla ya mingine yote. Katika karne ya 1 mfanyabiashara fulani, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa biashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Unajulikana kama “Periplus”, neno ambalo nalo ni “peri”, kuzunguka, na “plous”, safari ya chombo. Anaeleza pwani ya Azania, jina la kale la pwani yetu, anashuka kusini hadi soko la mwisho, Rhapta, kisha anasema mji huo umepata jina kutokana na vyombo vya huko vilivyoshonwa. “Rhaptein” ni kushona. Watafiti bado wanabishana Rhapta ilikuwa wapi hasa, lakini vyombo vya kushonwa tunavijua: mitepe, mbao zilizofungwa kwa kamba za makumbi bila msumari, iliendelea kuonekana upande wa Lamu hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kitenzi hichohicho ndicho kilichompa Mwingereza neno “rhapsody”. Huko Ugiriki malenga aliyeghani tungo za kale aliitwa mshonaji wa nyimbo, maana alishika kipande hapa na kipande pale akaviunga kuwa utenzi mmoja. Na daktari akiandika “herniorrhaphy”, anakuambia kwamba henia itashonwa. Mtepe, utenzi na mshono wa hospitali, uzi mmoja.

Mfano mwingine wa kwetu ni fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Lilipewa jina “Zinjanthropus boisei”. “Zinj” ni jina ambalo Waarabu waliipa pwani ya Afrika Mashariki, lilelile lililomo ndani ya Zanzibar. “Anthropos” ni binadamu kwa Kigiriki. Boise ni jina la mfadhili wa utafiti. Kiarabu, Kigiriki na mwenye pesa wakakaa pamoja. Baadaye wanasayansi wengi walilihamishia kundi la “Paranthropus”, ambapo “para” ni kando ya: aliyekuwa kando ya binadamu, si katika mstari wake. Ukishaishika “para”, hutasumbuliwa na “parallel”, “paramedic” wala “parasite”, ambaye asili yake ni mtu anayekaa kando ya chakula cha mwenzake. Mdoezi, kwa neno letu.

Tusidhani pia kwamba Kigiriki kimetufikia kwa mkono wa Mwingereza peke yake. Kiarabu kilikuwa kimeshachota humohumo, mengine kabla ya Uislamu, mengine wakati wa kutafsiri vitabu vya tiba na hekima Baghdad. Ndiyo maana askofu na “bishop” ni ndugu wa tumbo moja: wote wametoka “episkopos”, msimamizi, mmoja akapita Uarabuni na mwingine Ulaya, wakabadilika sura hadi hawafanani. Almasi ni ndugu wa “diamond” na wa “adamant”, neno la mtu asiyelegeza msimamo. Mzazi wao ni “adamas”, kisichoshindika. Karatasi ni ndugu wa “chart” na “card”. Kalamu ni “kalamos”, tete. Hata shule, tuliyoipata kwa Wajerumani, na skuli ya Wazanzibari, iliyotoka kwa Waingereza, zinakutana kwenye “skhole”, ambayo maana yake ya kwanza ilikuwa muda wa mapumziko. Wanafunzi wa kidato cha nne wasiambiwe.

Balghamu inastahili sentensi zake. Ni “phlegma” ya Kigiriki, ambayo kwa Kiingereza ni “phlegm”. Matabibu wa kale waliamini mwili unaendeshwa na majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Aliyezidiwa na balghamu alikuwa mpole na mzito wa kuchukia, na hadi leo Kiingereza humwita “phlegmatic”. Nyongo ni “khole”, na ndimo ilimotoka “choleric”, mwepesi wa hasira. Nyongo nyeusi, “melaina khole”, ndiyo “melancholy”, huzuni isiyo na sababu ya wazi. Nadharia yenyewe ilikufa zamani, lakini anayesema fulani ametema nyongo haoni shida kuyaelewa maneno hayo.

Kwa mpenzi wa siasa, mzizi wa kushika ni “kratos”, mamlaka. “Democracy” inajulikana. “Gerontocracy” ni utawala wa wazee, “plutocracy” wa matajiri, “kleptocracy” wa wezi, na “kakistocracy”, neno linalopendwa sana na wachambuzi wa magazeti kila uchaguzi unapowaudhi, ni utawala wa walio wabaya kuliko wote. Kwa maoni yangu hilo la mwisho ni tamu kulijua na baya kulitumia, kwa sababu lazima ulieleze, na tusi linaloelezwa limeshapoa. Kinyume chake ni “petrichor”, neno lililoundwa mwaka 1964 na watafiti wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas, kwa ajili ya harufu ya ardhi kavu ikipata mvua ya kwanza. “Petra” ni mwamba, lilelile la Petro na la petroli. “Ikhor” ni majimaji yaliyokwenda mishipani mwa miungu badala ya damu. Hilo ni geni kwa wengi, lakini linataja kitu ambacho kila pua inakijua.

Mizizi hii ina mitego, na mtego mkubwa ni kufanana. “Homo-” ya Kigiriki ni sawa, ya namna moja, kama katika “homogeneous”. “Homo” ya Kilatini, kama katika “Homo sapiens”, ni mtu. “Ped” ndiyo mbaya zaidi: “pedal” ni mguu wa Kilatini, “pediatrician” ni mtoto wa Kigiriki, na “pedology” inaweza kuwa elimu ya udongo, kutoka “pedon”. Tahajia ya Uingereza husaidia kidogo kwa kumwandika mtoto “paed-”. “Mis-” ya “misanthrope” ni chuki, lakini ya “mistake” haitoki Kigiriki na haihusiani. Na “hypo-” na “hyper-” watu huzichanganya kwa sababu zinasikika karibu: “hyper” ni juu, “hypo” ni chini. Kwenye cheti cha hospitali, “hypertension” na “hypotension” zinadai dawa zinazopingana.

Mtego wa pili ni kuamini kwamba maana ya mzizi ndiyo maana ya neno. “Schizophrenia” ina ile “skhiz-” ya kupasua tuliyoiona kwenye kichocho, pamoja na “phren”, akili. Eugen Bleuler, daktari wa akili wa Uswisi, alilitoa jina hilo mwaka 1908 akimaanisha fikra na hisia zilizoachana. Watu wakalivunja wenyewe, wakapata “akili mbili”, na mpaka leo wengi wanaamini mgonjwa ana nafsi mbili ndani yake. Hana. “Idiot” kwa Wagiriki alikuwa raia wa kawaida asiye na wadhifa, na “hypocrite” alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Mizizi hukufikisha mlangoni. Ndani unaingia kwa kusoma sentensi ambamo neno limetumika. Kwa hiyo anayetaka kujifunza asianze na orodha. Aanze na neno analokutana nalo kazini au kwenye habari, alivunje, atafute jamaa zake wawili watatu, aandike sentensi moja halisi ya kila mmoja, kisha aende kwenye kamusi inayoonyesha asili ili kujua kama amevunja mahali panapostahili.

Maana hata wenye lugha huvunja vibaya. Helikopta ni “helix”, mzunguko wa parafujo, na “pteron”, bawa, bawa lilelile la “pterodactyl”. Kiungo kiko baada ya “helico”. Waingereza wakasikia “heli” na “copter”, wakakata hapo, wakajenga “heliport” kwa upande mmoja na “quadcopter” kwa upande wa pili. “Copter” si Kigiriki, na Mgiriki wa kale angelisikia asingejua linahusu nini. Lakini limo kwenye kamusi, na vijana wanaopiga picha za harusi kwa droni hapa mjini wanalitumia kila Jumamosi.